Barua Moja kwa Watu Saba: Risala ya Waombaji wa Chumba cha Fotokopi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu. Mkuu wa Shule. Walimu wetu mlio kazini na mliostaafu. Wazazi na walezi. Wadogo zetu wa madarasa ya mwisho mliobanana kwenye mabenchi huko nyuma:

Tunakusalimu, mgeni rasmi, na tunaanza kwa kukiri jambo moja, isije ikasemwa baadaye kwamba tulikuvizia. Risala hii unayosomewa si ile iliyopitishwa ofisini kwako. Ile tuliipeleka wiki iliyopita kama tulivyoagizwa, kurasa sita, ikarudi juzi ikiwa ukurasa mmoja na nusu. Sehemu ya changamoto ilikuwa imebakiwa na sentensi moja, isemayo kwamba ukumbi una upungufu wa viti. Tumekuwekea ile mezani, kando ya chupa ya maji, ukiihitaji kwa kumbukumbu zako. Hii ndiyo tuliyoiandika sisi.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Kadi ya mwaliko inasema umekuja kutoa ushauri kwa wanafunzi wanaotaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya nje. Ni jambo jema, tumelingoja miaka, na hatutakuzuia kulifanya.

Ila kabla hujaanza kushauri, tunaomba utazame mstari wa pili, upande wa dirishani. Yule msichana mwenye sweta ya kijivu ni binti wa fundi viatu anayekaa nje ya lango la shule hii, yule yule aliyekushonea soli ulipokuwa mkuu wa shule hii. Sisi tunamwita Nukta, kwa kuwa ana umbo dogo na akishasema neno mjadala umekwisha. Nukta amekubaliwa na chuo kikuu cha nje kusomea uhandisi wa maji, kwa ufadhili wa miaka yote minne. Chuo kinasubiri karatasi moja tu kutoka ofisini kwako. Leo ni Jumatano. Mwisho wa kuipokea ni keshokutwa, Ijumaa. Karatasi hiyo imelala ofisini kwako siku arobaini na moja.

Tumelisema hili mapema ili hata atakayesinzia huko mbele awe ameshalisikia.

TULIKOTOKA

Umoja wetu hauna ofisi. Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, mahali penye mashine mbili, moja nzima na nyingine inayochora mstari mweusi katikati ya kila uso. Kuna kompyuta moja ambayo kitufe chake kikubwa kimefungwa kwa plasta, na benchi la watu watatu linalokaliwa na watu sita. Mwenye duka tunamwita Mjomba Wino. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini fomu za vyuo zilizopita mikononi mwake ni nyingi kuliko zilizopita katika ofisi yoyote ya elimu tunayoifahamu, na hilo tunalisema bila kuomba radhi.

Ili wadogo zetu waelewe kwa nini tupo, inabidi turudi nyuma miaka kumi na tisa. Mwaka huo mtoto wa muuza mkaa alitaka kwenda kusoma nje. Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye sasa amestaafu na amekaa pale mbele na fimbo yake, alimwandikia barua ya mapendekezo. Ilikuwa barua nzuri. Ilieleza jinsi kijana huyo alivyokuwa akitembea saa mbili kuja shuleni, alivyochora ramani ya bonde zima kwa kichwa, na alivyoongoza bendi ya shule kwa filimbi. Bendi tulikuwa nayo enzi hizo. Kijana alikubaliwa, akaenda, na sasa ni mtu mkubwa huko.

Wewe, mgeni rasmi, ulikuwa mkuu wa shule. Ofisi yako ilikuwa ile yenye mlango wa kijani. Uliisoma barua ile mbele ya shule nzima asubuhi, shule ikapiga makofi. Halafu ukampa mama mpiga chapa, ukamwambia, na yeye analikumbuka neno kwa neno: "Hii imefaulu. Isiguswe. Akija mwingine, badilisha jina tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wewe ukapanda cheo, barua ikabaki kwenye jalada. Wakuu waliokufuata waliikuta wakadhani ni utaratibu wa serikali. Kila aliyeomba chuo cha nje alipewa barua hiyo katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na kupigwa mhuri mahali pa kufungulia, tena akionywa kwamba akiifungua imeharibika. Sisi tulikuwa watiifu. Hatukufungua. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyegundua, maana walikuwa wakienda mmoja mmoja, huyu chuo hiki, yule chuo kile.

Miaka mitatu iliyopita tukaenda saba kwa mpigo. Tulijaza fomu pamoja, katika chumba kimoja, tukaomba chuo kimoja, kwa sababu ndicho pekee kilichotoa ufadhili kamili. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni fundi simu pale kituoni, alikuwa wa kwanza kuitwa kwenye usaili kwa simu ya video. Tulimwazima shati. Mashine zikazimwa ili kusiwe na kelele. Mama mmoja mwenye miwani akatokea kwenye kioo, akamsalimu, akamwuliza kwa upole:

"Hebu tueleze kidogo kuhusu filimbi yako."

"Filimbi ipi, mama?"

"Hii ya kwenye barua. Unaongoza bendi ya shule."

Mwenzetu akageuka kumtazama Mjomba Wino. Mjomba Wino akageuka kutazama ukuta. Bendi ilikufa sisi tukiwa bado hatujajua kusoma, na ngoma yake kubwa ndiyo ile inayowekewa ufagio na matambara stoo.

"Mama," mwenzetu akasema, "mimi sijawahi kushika filimbi. Lakini naweza kujifunza."

Baada ya siku nne barua pepe ikaja. Chuo kilikuwa na wapiga filimbi saba kutoka shule moja, wote wameongoza bendi moja mwaka mmoja, wote wametembea saa mbili, akiwemo yule anayekaa nyumba inayopakana na uzio wa shule. Maombi yetu yote saba yalisitishwa. Chuo kikasema pia kwamba barua za shule hii hazitapokelewa tena mpaka ofisi ya elimu ieleze kwa maandishi kilichotokea. Nakala ililetwa ofisini kwako, mgeni rasmi. Haijajibiwa mpaka leo.

Mtaani tukapewa jina. "Jamani, bendi hiyo inapita!" "Wanamuziki, Jumamosi mna nafasi?" Mama wa mmoja wetu alikuwa akienda sokoni kwa njia ya nyuma. Mwanawe aliitwa mwongo na watu waliokuwa wamemshika mkono wa pongezi mwezi mmoja kabla, na yeye hakuwa amesema uongo wowote. Alikuwa amebeba bahasha tu, kama alivyoelekezwa.

TULIYOYAFANYA

Tungeweza kukaa tukalia. Tulilia, ndiyo, siku kama tatu. Halafu tukaenda nyumbani kwa mwalimu wa jiografia kumwuliza kulikoni. Alikuwa hajui lolote. Alipoisoma nakala ya barua yetu, tuliyorudishiwa na chuo, alivua miwani, akaipangusa, akaisoma tena.

"Wajukuu zangu," akasema, "hii niliiandika kwa siku nne. Yule mtoto nilimfahamu mpaka kikohozi chake. Ninyi saba mmevishwa koti la mtu mwingine, halafu mkaulizwa kwa nini mikono mirefu."

Hapo ndipo umoja huu ulipozaliwa. Tangu siku hiyo, kila anayeomba chuo cha nje anapita chumba cha fotokopi kwanza, na wenzetu watano wameshakubaliwa vyuo vingine kwa barua zao wenyewe. Kwa kuwa leo ni siku ya ushauri, na kwa kuwa tumelipia kila neno la ushauri huu kwa jasho letu, wadogo zetu tegeni sikio.

Anzeni mwaka mmoja na nusu kabla. Tunajua mnacheka. Mwenzenu mmoja cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, cha shule matatu, pasipoti ikayapanga kinyumenyume. Kuyapatanisha hayo kulichukua miezi mitano na safari ambazo mama yake hataki zitajwe mbele ya watu. Leo jioni, kabla hamjala, tandazeni vyeti vyenu vyote mezani myasome majina yenu kama mnasoma ya adui.

Someni ukurasa wa chuo wenyewe. Msisomewe na kaka, wala na yule bwana wa suti anayezunguka na picha za vyuo akiahidi nafasi ya uhakika. Tuliichunguza picha yake moja. Jengo lile ni hospitali. Chuo cha kweli hakimwahidi mtu nafasi kabla hakijasoma karatasi zake. Na jueni kwamba kukubaliwa ni jambo moja na kupata ufadhili ni jambo la pili, kila moja na fomu yake na tarehe yake. Wapo waliofanya sherehe ya la kwanza wakasahau la pili.

Angalieni saa. Dada mmoja aliandikiwa usaili saa 9:00. Akaoga, akala mchana, akafika chumba cha fotokopi saa tisa alasiri amejipamba. Wasaili walikuwa wamemngoja asubuhi saa tatu. Walimpangia siku nyingine kwa huruma tu. Huruma hiyo msiiwekee mipango.

Kwenye insha, msianze na "tangu utotoni ndoto yangu". Msomaji wao anasoma mamia ya ndoto za utotoni kabla ya chai. Andika jambo ulilolifanya kwa mikono yako, hata kama liliharibika.

Na barua ya mapendekezo, mwombeni mwalimu anayewajua. Si mwenye cheo kikubwa. Anayewajua. Hata yule mliyewahi kugombana. Nukta aliandikiwa na mwalimu wa fizikia, na kwa ruhusa ya wote wawili tunasoma mistari michache:

"Mwanafunzi huyu alinikosoa mbele ya darasa kuhusu mgandamizo wa maji katika bomba. Nilimtoa nje. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilipiga hesabu upya nikaona yeye ndiye aliyekuwa sahihi, nikamwambia hivyo mbele ya darasa lile lile. Hakushangilia. Aliuliza kama sasa tunaweza kutengeneza bomba la maabara, ambalo lilikuwa kavu kwa mwaka mzima. Tulilitengeneza. Lingali linatoa maji."

Ndugu zetu, hiyo ndiyo barua. Yule mama mwenye miwani, yule yule wa filimbi, alimwambia Nukta kwamba aliisoma kwa wenzake kwa sauti.

CHANGAMOTO

Kitu kimoja tu kilibaki. Chuo, kile kile kilichositisha maombi yetu, kilimwambia Nukta wazi: "Wewe tunakutaka. Shule yako bado hatuiamini. Tuletee maelezo ya ofisi ya elimu."

Mwalimu wa fizikia akaandaa maelezo hayo, sentensi mbili. Ya kwanza inasema barua ya Nukta imeandikwa na mwalimu anayemfahamu. Ya pili inasema barua saba za miaka mitatu iliyopita zilinakiliwa na shule kwa maagizo ya uongozi wake, bila wanafunzi kujua. Palitakiwa sahihi yako tu.

Nukta amefika ofisini kwako mara tisa. Mara ya kwanza aliambiwa karatasi haina mhuri wa shule. Ya pili, mhuri umepigwa upande. Ya tatu alimkuta katibu wako muhtasi.

"Shikamoo, mama. Mzee yupo?"

"Marahaba. Yuko kikaoni."

"Kinaisha saa ngapi?"

"Mwanangu, kikao cha hapa hakiishi. Kinahama chumba."

Hatumlaumu mama huyo. Yeye ndiye mtu pekee ofisini mle aliyempa kiti. Na ndiye aliyemwambia ukweli mara ya saba, mlango ukiwa umerudishwa: "Si kwamba mzee hajaiona. Ameiona. Akitia sahihi, anakiri."

Mara ya nane, msaidizi wako alimwita Nukta pembeni akamwonyesha karatasi nyingine, imeshachapwa, safi, tayari kwa sahihi. Sentensi ya kwanza ilikuwa ile ile. Ya pili ilisema wanafunzi saba walinakili barua wao wenyewe na kuidanganya shule.

"Ukikubali hii," akamwambia, "inasainiwa leo leo, unaondoka nayo. Hao wenzako wameshazoea, haitawapunguzia kitu."

Nukta aliichukua karatasi hiyo bila sahihi, akaileta chumba cha fotokopi, akaiweka juu ya mashine. Na hapa, mgeni rasmi, tunasema jambo ambalo halikuwemo hata katika zile kurasa sita. Sisi saba tulimwambia akubali. Fundi simu alimwambia, "Dada, tuandike sisi. Sisi treni yetu ilishaondoka. Nenda ukasome." Tulikuwa tunamaanisha. Mtu akiitwa mwongo miaka mitatu hufika mahali akaona ni kama jina la ukoo.

Baba yake, fundi viatu, alikuwa amesimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi. "Mwanangu," akasema, "wenyewe wameridhia. Wewe unangoja nini?"

"Baba, wamenifundisha hapa kwamba nisipeleke barua nisiyoijua. Hii naijua. Ni ya uongo."

"Na ukikosa chuo?"

"Nitakuwa nimekosa chuo."

Mzee alikitia kile kiatu kwapani. Halafu akasema, "Basi irudishe kwa wenyewe," akaenda zake kazini. Mara ya tisa Nukta alikwenda ofisini kwako kuirudisha.

Ndiyo maana tunasimama hapa hivi tulivyo, mgeni rasmi, bila unyenyekevu uliozoea katika risala. Tulikuwa tumeshakubali kubeba kosa lako. Msichana wa miaka kumi na tisa ndiye aliyekataa kututwisha, na tumeona aibu ya kuwa wanyonge kumzidi.

TUNACHOOMBA

Tunajua katika sehemu hii huombwa kompyuta, uzio, matangi na basi. Hatuombi hata kimoja. Usituahidi kitu leo. Usiunde kamati. Usituambie utalifuatilia ukirudi ofisini, kwa maana ofisini ndiko karatasi ilikokwama.

Tunaomba utie sahihi. Nakala mpya ya karatasi ya sentensi mbili za kweli imo ndani ya jalada la bluu mbele yako, na kalamu imewekwa juu yake. Utaona tayari ina sahihi nne. Ya mwalimu wa fizikia. Ya mwalimu wa jiografia, aliyeegemeza fimbo yake mezani akatia. Ya mama mpiga chapa, ambaye alikuja mwenyewe bila kuitwa, akasema, "Nilizichapa mimi zote saba. Nilikuwa nimechoka mpaka moja nikasahau hata kubadilisha jina." Na ya mkuu wetu wa sasa, aliyetia jana mchana akijua fika nani anamteua na nani anaweza kumhamisha.

Hatukuiti mtu mbaya. Ulitaka watoto wapite mlango ambao mmoja alishaupita, na tunaamini nia yako ilikuwa hiyo. Lakini hukutaka shida ya kuwajua mmoja mmoja, na ulipogundua kilichotutokea ulinyamaza, na mwezi huu ulikuwa tayari kutuita wezi wa karatasi uliyoagiza mwenyewe. Hilo tunalikumbuka na tutalikumbuka. Wenye kazi ya kusahau wapo wengi. Sisi hatukuomba hiyo kazi.

Saa nane mchana leo Mjomba Wino ataiskani karatasi hii, nasi tutaituma chuoni pamoja na majina yetu saba. Itakwenda ikiwa na sahihi yako au ikiwa haina. Hatujui chuo kitaamuaje kikiiona haina. Huenda Nukta akakosa nafasi yake, na tumemweleza hivyo mara mbili. Ametuambia itumwe.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akujalie umri, na leo hii akupe mkono mwepesi. Awalinde walimu wanaowajua watoto kwa majina yao. Wadogo zetu, yeyote atakayeanza maombi kesho aje, benchi litajibana.

Mgeni rasmi, mstari wa tano wa karatasi tumeuacha wazi. Cheo chako kimeshachapwa chini yake, kwa herufi kubwa, na usipotia sahihi hatutakifuta. Kitakwenda hivyo hivyo, na nafasi tupu juu yake, wasome wenyewe.

Ni sisi,
Umoja wa Waombaji wa Chumba cha Fotokopi